Shati Lisilo na Mshono

Mama Pindo alikuwa akipiga pasi mashuka ya hospitali. Kazi yenyewe haina utamu. Unanyunyiza maji, unavuta pembe, unapitisha pasi, unakunja, unachukua jingine. Mashuka hayo aliyashona mwenyewe kwa cherehani yake ya mguu, pale pale sebuleni. Mtaa mzima ulimjua kwa pindo zake zisizofumuka, hata jina alilozaliwa nalo lilikuwa limeshasahaulika. Mumewe naye akitaka kumchokoza alimwita hivyo hivyo, Mama Pindo.

Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikaa karibu na dirisha akichambua maharage kwa miwani isiyomsaidia kitu. Alikuwa akilalamika kwamba wauzaji wa siku hizi wanapima mawe na kuongeza maharage kidogo ili yapate rangi. Mabinti wawili walikuwa shuleni. Nje jua lilikuwa kali, nguo kwenye kamba zimeshakauka, na Mama Pindo alikuwa akijiuliza kama aende kuzianua kabla vumbi halijazirudia.

Jirani wa nyumba ya pili aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa miguu mitupu.

"Zima pasi kwanza," alisema.

Mama Pindo alizima.

"Kuna fundi ameanguka kule kwenye paa la ukumbi."

"Fundi gani?"

"Sijui, mwenzangu. Wameshamfunika."

Mume wa Mama Pindo alikuwa fundi paa. Kwa miezi kadhaa yeye na wenzake walikuwa wakiezeka ukumbi mpya wa sala, jengo refu kuliko yote mtaani. Mafundi wale walikuwa na utaratibu wao: hakuna anayepanda bila mkanda. Mkanda ni wa turubai, mpana kama kiganja, unafungwa kiunoni, na kamba yake inafungwa kwenye mbao za juu. Ukiteleza, unaning'inia kama nguo na wenzako wanakucheka mpaka jioni. Mikanda yote ya mafundi wale aliishona Mama Pindo, uzi mara tatu, na wa mumewe aliushona mara nne.

Aligeuka kutazama nyuma ya mlango, kwenye msumari ambako mkanda ule ulitundikwa usiku na kuondoka na mwenyewe asubuhi.

Mkanda ulikuwa unaning'inia pale.

Hakupiga kelele. Aliketi juu ya rundo la mashuka aliyoyanyoosha, jambo ambalo angewachapa wanawe kwa kulifanya, na akabaki akiutazama mkanda. Bibi aliuliza kuna nini. Jirani alisimama mlangoni akishika kichwa. Mama Pindo anasema hajui walikaa hivyo kwa muda gani. Anachokumbuka ni viatu vya mumewe vikiburuta changarawe uani, kama vinavyoburuta siku zote, halafu sauti yake ikimwambia mtu: "Ni hapa."

Alikuwa mzima. Alikuwa na vumbi la mbao kichwani na macho yaliyotulia mno. Aliyeanguka alikuwa mwenzake, yule waliyemwita Paka, kwa sababu alikuwa ameshateleza mara nyingi na kila mara mkanda ulimrudisha akiwa anacheka. Safari hii hakuwa na mkanda. Wenzake walisimulia kwamba Paka aliweka nyundo chini, akavua viatu, akavipanga pamoja kama mtu anayeingia ndani kwa watu, kisha akapiga hatua. Hakuteleza. Alipiga hatua, kama unavyoshuka kizingiti.

Mumewe aliyasema hayo bila sauti yake kutikisika. Nyuma yake alisimama mgeni.

Mama Pindo alikuwa ameshasikia habari zake. Ni yule mwalimu wa dini aliyekuwa akifika kwenye ujenzi saa za adhuhuri, mafundi wanapopumzika, na kuwafundisha Neno. Hakuna aliyejua alikotoka. Walimwita Mwalimu tu, na walimpenda. Mumewe alikuwa mvivu wa kwenda kanisani kwa miaka mingi, kwa hiyo alipoanza kurudi nyumbani akitaja maandiko, Mama Pindo alishukuru na hakuuliza maswali. Una mume, watoto, mama mkwe na mashuka ya hospitali. Kitu kikienda vizuri chenyewe unakiacha kiende.

Basi alimtazama Mwalimu kwa mara ya kwanza. Mtu mzuri wa sura, mpole, wa umri usiokadirika. Alivaa shati jeupe, na vumbi lote lile la barabara halikuwa limeligusa. Na kwa kuwa Mama Pindo hakuwahi kumtazama mtu bila kutazama nguo zake, jicho lake lilikwenda kwenye bega la shati kutafuta mshono.

Hapakuwa na mshono.

Alitazama kwapani, ubavuni, kwenye ukosi, kwenye mkono. Hapakuwa na uzi popote. Pindo la chini halikukunjwa. Kitambaa kiliishia tu pale kilipotaka. Mama Pindo alikuwa msomaji wa Biblia tangu utotoni, na alikumbuka vazi la Bwana, lile ambalo askari hawakulichana kwa sababu lilifumwa lote bila mshono. Mwili ukamsisimka. Alidhani anasisimka kwa utakatifu.

Mumewe akasema kwamba Mwalimu ndiye aliyemshika mkono na kumteremsha kutoka juu.

Hapo machozi yalimtoka. Alikwenda mpaka mlangoni, akapiga goti kidogo, akasema maneno ambayo angetoa cherehani yake ili ayarudishe.

"Karibu ndani, baba. Hapa ni kwako. Siku zote."

Mwalimu alikuwa amesimama muda wote nje ya kizingiti. Aliposikia hayo, akatabasamu, akavuka.

Maharage mapya hayangeiva kwa jioni ile, kwa hiyo Mama Pindo alipika wali na mchuzi wa mayai. Mabinti walirudi, wakaambiwa habari za Paka, mkubwa akalia sana kwa kuwa Paka alikuwa na desturi ya kumtania kwamba atamwoa akimaliza kuezeka dunia nzima. Kitindamimba, ambaye bado alikuwa darasa la chini, hakulia. Alikuwa akimtazama mgeni.

Nyumba hii ilikuwa na utaratibu wake pia. Jioni, kabla ya chakula, waliisoma zaburi ya tisini na moja, ile ya kukaa chini ya ulinzi wa Mungu, kila mtu aya moja, wakizunguka meza. Bibi alianza, akafuata mwanawe, kisha Mama Pindo, kisha binti mkubwa, kisha kitindamimba, halafu inarudi kwa Bibi. Kwa kuwa walikuwa watano na hawakubadilisha viti, kila mtu alijua aya zake kwa moyo, na Biblia ilikaa katikati ya meza kama mwenye nyumba, imefungwa. Bibi alipenda kujisifu kwamba zaburi hiyo inaanza naye na kuishia naye, kama pindo la mviringo. Aya inayosema malaika watakubeba mikononi mwao mguu wako usigonge jiwe ilikuwa ya mume wa Mama Pindo. Aya inayoifuata, ya kumkanyaga simba na nyoka, ilikuwa ya Mama Pindo. Watoto walizoea kumcheka kwamba hata mjusi anamkimbiza.

Jioni ile waliongeza kiti kati ya kitindamimba na Bibi. Kwa hiyo mzunguko ukabadilika, kila mtu akalazimika kutafuta aya isiyo yake, na binti mkubwa akafungua Biblia wakaipitisha. Ilipofika kwa Mwalimu hakuitazama. Aya iliyomwangukia ni ile ya tauni inayotembea gizani na maangamizi yanayopiga adhuhuri, na aliitamka polepole, kama mtu anayetaja ndugu zake.

Mzunguko wa pili ukaja. Ikamwangukia ya malaika na jiwe, ile ya mumewe. Aliisema vizuri sana. Mama Pindo alimwona mumewe akifumba macho.

Bibi akafungua kinywa aendelee na ya simba na nyoka.

"Tuishie hapo," Mwalimu alisema, na kuifunga Biblia kwa kidole kimoja. "Inatosha."

"Haijaisha," Bibi alisema.

"Inatosha, mama."

Bibi si mtu wa kunyamazishwa. Amewanyamazisha wachuuzi, madaktari na marehemu mumewe. Lakini alinyamaza. Alipokea sahani yake, akala matonge mawili, akasema amechoka. Mwalimu alikula sahani yote, akamsifu mpishi, akaagana. Mume alitoka kumsindikiza hadi barabarani.

Binti mkubwa alikusanya vyombo. Mama Pindo akashika ufagio, kwa sababu mtoto akifagia anafagia katikati tu. Alivuta kiti cha mgeni ili apitishe chini.

Chakula kilikuwa juu ya kiti.

Chote. Wali, mchuzi, vipande vya yai, vimelala kwenye mbao kama vilivyopakuliwa. Havikutafunwa. Havikulowa. Alipogusa kwa ncha ya kidole, vilikuwa baridi kama vimetoka kisimani.

Alikifuta kiti kwa kitambaa, akakitupa kitambaa, akaenda chumbani kwa Bibi na kufunga mlango. Alimweleza kuhusu kiti, na kuhusu shati. Bibi alisikiliza amekaa kitandani, meno yake ya bandia yakiwa ndani ya kikombe, kwa hiyo alizungumza kwa kunong'ona kama mtoto mchanga anayejua kusema.

Alimwuliza Mama Pindo kama anakumbuka ni nani mwingine katika Biblia aliyeisoma zaburi ile akaikatia hapo hapo. Mama Pindo hakukumbuka. Bibi akamkumbusha juu ya mnara wa hekalu, na Bwana akiwa na njaa, na yule aliyesimama kando yake akimwambia jitupe chini, maana imeandikwa malaika watakubeba. Andiko lilikuwa la kweli, Bibi alisema. Yule hakutoa hata neno moja la uongo mdomoni. Alikata tu. Aliikata pale inapomtaja yeye mwenyewe, nyoka, chini ya kisigino cha mtu. Watu wanamngoja aje na pembe na harufu ya kiberiti, na yeye anakuja amefua shati, na Biblia anaijua kuliko wewe.

"Na vazi la Bwana lilifumwa na mtu, kwa mikono," Bibi alisema. "La huyu halikufumwa na mtu."

Mama Pindo alikaa chini sakafuni.

"Nani alimkaribisha ndani?" Bibi aliuliza.

"Mimi."

"Kwa maneno gani?"

Akamwambia. Bibi alitoa meno kikombeni, akayavaa. Kisha alimweleza kwamba mitume walionya, mtu akija na fundisho jingine usimpokee nyumbani, hata salamu usimpe. Aliyesema aingie ndiye wa kumtoa. Mwingine hawezi kumsaidia.

"Akirudi, mwambie uso kwa uso kwamba hapa si kwake. Usisahau. Na kesho mumeo asipande."

Lakini mumewe alipanda. Asubuhi Mama Pindo alimsihi abaki nyumbani, angalau kwa heshima ya Paka. Mume alimjibu kwa upole, na upole huo ulimtia hofu kuliko ukali. Alisema hofu yote imemtoka. Alisema mwaka mzima, tangu alipoteleza kwenye paa jingine, alikuwa akipanda huku tumbo linamkata, na sasa halimkati tena. Mwalimu alikuwa amewaonyesha kwamba mkanda ni njia ya kumwambia Mungu humwamini. Paka aliamini nusu nusu, ndiyo maana.

"Ndiyo maana nini?" aliuliza.

"Ndiyo maana malaika hawakumshika."

Akaondoka. Mkanda ukabaki kwenye msumari.

Mama Pindo alikaa kwenye cherehani, akapitisha shuka, akashona mstari uliopinda kama njia ya mlevi. Akafumua. Akashona tena, ukapinda tena. Bibi alikuwa dirishani. Jua lilikuwa linapanda, kivuli cha kamba ya nguo kinafupika uani, kinafupika, karibu kinaisha.

"Saa ngapi?" Bibi aliuliza.

"Inakwenda adhuhuri."

Wakatazamana. Mama Pindo akauchukua mkanda kutoka msumarini na kutoka. Hakuvaa viatu.

Ukumbi ulikuwa mwisho wa barabara, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mafundi watatu walikuwa chini ya kivuli cha ukuta wakila mikate yao. Walimwona akipita, wakamwamkia, naye hakuitika. Pale kwenye mchanga, katikati ya uwanja, jua likiwa utosini, alisimama Mwalimu. Alikuwa ametazama juu. Mikono yake ilikuwa imenyooshwa mbele kidogo, viganja juu, kama mtu anayengoja kupokea mtoto.

Alikuwa akizungumza kwa sauti ndogo. Alikuwa mbali. Lakini Mama Pindo alimsikia sikioni.

Watakubeba. Watakubeba mikononi mwao.

Hakumwendea. Hili analisema mwenyewe kila akisimulia: alipaswa kumwendea, kumwambia yale maneno, uso kwa uso. Lakini aliinua macho na kumwona mumewe juu kabisa mwishoni mwa kofia ya paa, pale mabati yanapokutana, amesimama wima. Mikono imelegea. Kando yake, juu ya bati, viatu viwili vimepangwa pamoja.

Akakimbilia ngazi.

Mama Pindo anaogopa kupanda hata stuli. Ngazi ile ilikuwa ndefu, ya mbao, na ilicheza. Aliweka mkanda shingoni akapanda huku amefumba macho. Ngazi iliyumba. Sketi ikanasa kwenye msumari. Akaivuta ikachanika. Akapanda.

Juu, bati lilikuwa linaunguza. Alilala kwa tumbo akatambaa kwenye mbao walizozipigilia mafundi kwa kukanyagia. Sauti ilikuwa bado sikioni. Haikupanda wala kushuka. Ilikuwa sauti nzuri. Hata yeye, pale alipokuwa, kwa kitambo kidogo alihisi jinsi ambavyo angeweza kusimama. Jinsi ambavyo isingeuma.

Mumewe alikuwa anatabasamu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anasema aya yake, ile aliyoisema mezani kila jioni, malaika, mikono, jiwe. Akifika mwisho anaanza tena. Anaanza tena. Vidole vya miguu yake vilikuwa vimeshavuka ukingo.

Mama Pindo hakujua la kufanya. Hakuwa mhubiri. Hakuwa na mafuta wala maji wala sauti kubwa. Alijua kitu kimoja: mume akimaliza aya yake, inayofuata ni ya kwake. Basi mume alipofika kwenye jiwe, kabla hajaanza tena, akaisema.

Akaisema kwa sauti ya mezani. Utawakanyaga simba na nyoka.

Mumewe akageuza kichwa.

Sauti ya sikioni ikakatika.

"Baba watoto," alinong'ona. "Imeandikwa pia usimjaribu Mungu wako. Shika huu mkanda."

Alimwona akirudi. Hivyo ndivyo anavyosema, alimwona akirudi ndani ya macho yake, kama mtu anayefika dirishani. Akatazama chini. Tumbo likamkata. Akaanguka kwa kiuno juu ya bati, akaanza kuteleza, na Mama Pindo akamrushia ncha ya mkanda huku yeye mwenyewe amekumbatia mbao. Mkono wa mume ukadaka. Turubai ikalia. Uzi mara nne. Haukufumuka hata mmoja.

Mafundi waliwateremsha wote wawili wakiwa wamefungwa kama mizigo. Viatu vilikuwa vimetangulia kuanguka. Kimoja kilitua mchangani, na kingine hakikuonekana tena. Mwalimu hakuwepo. Mafundi walisema wamemwona akiingia ukumbini. Ukumbi una mlango mmoja, hauna fanicha, una sakafu na kuta tu. Waliingia watatu wakatoka watatu. Fundi mmoja alisema ndani ni baridi sana.

Nyumbani mume alilala mchana kutwa. Mama Pindo hakulala. Alishona sketi, akaanua nguo, akamalizia mashuka, akayapeleka hospitalini, akarudi na nyanya. Alipopita mlangoni alisimama kwenye kizingiti na kutazama huku na huku. Alikuwa na yale maneno tayari mdomoni. Hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Mtu hajarudi, utamfukuzaje? Alisema hewani, hapa si kwako, akajisikia mjinga, jirani akamwuliza anasema na nani.

Jioni ikawa jioni. Maharage ya Bibi yaliiva hatimaye, na hayakuwa na jiwe hata moja, na Bibi alihakikisha kila mtu anajua. Binti mkubwa aliweka sahani tano. Kile kiti cha ziada Mama Pindo alikuwa amekitoa nje mwenyewe na kukipasua kuni. Mume alikuja mezani akiwa amevaa ndala za mkewe, na kitindamimba akamcheka. Naye akacheka. Kilikuwa kicheko chake, cha siku zote, cha kupitia puani, na Mama Pindo alipokisikia alilazimika kwenda jikoni kutafuta chumvi ambayo ilikuwa mezani.

Aliporudi aliwahesabu kwa macho. Bibi, mume, yeye, mkubwa, mdogo. Wote wapo. Akafunga mlango kwa komeo, akaketi.

Bibi alianza zaburi. Mume akafuata, sauti imekwaruza lakini ni yake. Mama Pindo akasema ya kwake. Mkubwa. Mdogo. Ikazunguka kama inavyozunguka, bila kitabu, na yeye aliinamisha kichwa akawa anawaza kwamba kesho atamtafutia mumewe viatu, na kwamba mchuzi umezidi mafuta kidogo. Walikuwa wakisema bila kukwama. Kila aya ilifuata iliyotangulia. Hakuna iliyorukwa.

Mzunguko wa tatu ukaja. Mama Pindo akainua kichwa, akamtazama mumewe, akingoja aseme ya malaika na jiwe ili naye adakie.

Mume alikuwa amenyamaza. Naye alikuwa anangoja zamu yake.

Bibi ndiye aliyekuwa anasema. Alikuwa anasema ya simba na nyoka.

Ya malaika ilikuwa imeshasemwa. Iliyotangulia ilikuwa imetoka kwa kitindamimba, kisha ikaja ya malaika, kisha Bibi akaendelea, kama kawaida, kila mtu kwa zamu yake. Mume akadakia inayofuata. Ikamfikia Mama Pindo aya ambayo si yake, na mdomo wake ukaisema wenyewe. Binti mkubwa akasema ya mwisho. Wakasema amina.

Bibi alibaki amefungua kinywa. Alikuwa anangoja kuimaliza zaburi, kama alivyoimaliza miaka yote. Kisha alikifunga polepole, akamgeukia mke wa mwanawe.

Mama Pindo alihesabu tena. Watano. Wote wapo, wazima, wana njaa. Akashika upawa akapakua, kwa sababu chakula kikipoa hakipendezi.

Mumewe alianza kula. Mkubwa alianza kula. Kitindamimba alivuta sahani yake kando kidogo, akabana kiwiko ubavuni, kama mtoto aliyefundishwa adabu anavyofanya, ili asimsukume aliyekaa kati yake na Bibi.